JINA MOJA, BABU WATATU: YUPI NI WAKO?

Leo tuweke kando habari za mapenzi na mitindo ya nywele. Tuzungumzie jambo linalovunja posa, linalogombanisha ndugu mashambani, na linalomfanya mtu mzima alie machozi juu ya kaburi ambalo wala si la babu yake. Jambo lenyewe ni jina.

Unabisha? Nenda stendi ya Nane Nane pale Mbeya saa kumi na mbili asubuhi, kisha ita kwa sauti, "Sanga!" Atageuka konda, atageuka mwuza chai, atageuka abiria mwenye gunia la viazi, na mzee wa watu aliyekuwa akisinzia atafumbua macho. Wote ni akina Sanga. Je, wote ni ndugu? Waulize wenyewe. Wawili watakwambia ndiyo, mmoja atasema hajui, na yule mzee atakuuliza swali lake: "Sanga wa wapi?"

Mwenzangu, shika hapo hapo. Swali la yule mzee ndilo somo letu la leo.

POSA NA SHAMBA

Hebu fikiria. Binti anaitwa jina la ukoo linaloanza na Mwaka-. Kijana aliyempenda naye ana jina hilo hilo, herufi kwa herufi. Mmoja kakulia Kyela, mwingine kakulia Chunya. Wamependana chuoni, suti imeshonwa, mshenga katumwa. Wazee wanaposikia majina wanakaa kimya. Bibi anasema, "Hapana. Hawa ni damu moja."

Ni damu moja kweli? Hakuna anayejua. Kuna jina tu. Wakikataa bila kuchunguza wamewatesa watoto wa watu bure. Wakikubali bila kuchunguza wanaweza kuvunja mwiko wa ukoo. Kijana amenyong'onyea, binti halali, na wote wanamsubiri mzee mmoja wa kijijini aliyebaki na kumbukumbu, ambaye masikio yenyewe hayasikii vizuri.

Au chukua shamba. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mtu wa kijijini anaweza kupata hati miliki ya kimila. Mkoani Iringa vijiji vingi vimepimwa. Wapimaji wakija wanauliza, "Shamba hili la nani?" Jibu likiwa "la marehemu Kalinga", basi jueni shughuli imeanza. Kalinga yupi? Atajitokeza mjukuu wa Kalinga wa bondeni, atajitokeza mjukuu wa Kalinga wa mlimani, na kila mmoja anaapa kwa jina la babu yake. Nao wote wanasema kweli, maana babu zao kweli waliitwa hivyo.

Kwa hiyo, msomaji, kumtafuta babu si starehe ya Wazungu waliostaafu. Kwetu hapa ni ndoa na ni mkate wa kesho.

KWA NINI MAJINA YANAGONGANA?

Sababu ya kwanza ni ule mtindo wa kumrudisha babu. Kwetu Nyanda za Juu Kusini ni jambo la kawaida mtoto kupewa jina la babu au bibi yake. Ni heshima na ni raha. Lakini piga hesabu. Mzee mmoja ana wana watano. Kila mwana anampa mtoto wake wa kiume jina la mzee. Kwa kizazi kimoja tu mmepata wajukuu watano wenye jina moja na ukoo mmoja, na huenda wanaishi kijiji kimoja. Miaka 100 baadaye wewe kitukuu unakuja na daftari lako kutafuta "babu". Utampata, tena utapata watano!

Sababu ya pili ni yale majina ya Mwa-. Kwa Wanyakyusa na majirani zao, Mwa- ni kama kusema "mwana wa" au "mzao wa". Mwakyusa ni mzao wa Kyusa. Sasa ikiwa mtu wa zamani aliyeitwa jina fulani alikuwa kule Busokelo, na mwingine wa jina hilo hilo alikuwa kule Unyiha, kila mmoja aliacha wazao wake. Leo wazao wote wanaanza na Mwa- na wanamalizia sawasawa. Majina ni pacha, lakini mizizi ni mbalimbali.

Sababu ya tatu ni ubatizo. Dini ilipoingia, watu walipewa akina Yohana, Petro, Maria na Yosefu. Wanyakyusa wengine wakachukua majina ya Kikristo kwa lugha yao wenyewe: Lusajo ndiyo baraka, Tusajigwe ndiyo tumebarikiwa, Ambilikile ndiyo ameniita. Majina matamu, sina ugomvi nayo. Ila darasa moja la Tukuyu linaweza kuwa na akina Lusajo watatu, wa kiume na wa kike, mwalimu ataita nani aitike nani?

WAAYALANDI NAO WAMO

Msidhani balaa hili ni letu peke yetu. Kuna kisiwa huko Ulaya, Ayalandi, ambako kati ya mwaka 1845 na 1852 viazi viliugua, njaa ikaua watu kama milioni moja, na wengine kama milioni moja wakapanda meli kukimbia. Wengi waliishia Marekani. Leo wajukuu wao wanarudi kutafuta babu, na wanakutana na kizaazaa kama chetu, tena nusu yake ni nakala ya kwetu.

Wao wana Mac na O mbele ya majina. Mac ni "mwana wa". O ni "mjukuu wa" au "mzao wa". Uongo? Si ndiyo Mwa- yetu hiyo? Na walikuwa na desturi ya kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Jina la ukoo lililo la kawaida kuliko yote kule ni Murphy. Basi mjukuu akitoka Chicago akauliza habari za Patrick Murphy, ni kama wewe kuuliza Sanga kule Makete. Wataanza kucheka kwanza.

Na wao waliunguliwa. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ofisi ya kumbukumbu za taifa iliyokuwa pale Four Courts mjini Dublin ililipuka na kuteketea. Karatasi karibu zote za sensa za 1821 hadi 1851 zikawa majivu. Zilizobaki kamili ni sensa za 1901 na 1911.

Sasa wanafanyaje? Wana kitabu kikubwa cha makadirio ya kodi ya ardhi kiitwacho Griffith, cha miaka ya 1847 hadi 1864. Karani wa kodi alipokuta wanaume wawili wa jina moja kwenye kitongoji kimoja, aliongeza alama: huyu ni mwana wa Tom, huyu ni mwenye nywele nyekundu, huyu ni fundi. Karani hakuwa akiwasaidia wajukuu, alitaka kodi yake isipotee. Lakini alama ile ndogo ndiyo inayowatofautisha wale babu mpaka leo.

Ninyi wa Iringa na Mbeya, kumbukeni alama hiyo. Nasi tunayo ya kwetu, ngoja tufike.

MERERE ALIYEISHI MIAKA MINGI MNO

Twende Usangu, ambako leo ni Mbarali. Mwaka 1877 Mwingereza mmoja, Elton, aliyekuwa balozi mdogo wa nchi yake, alipita pande hizi na kukutana na mtawala wa Wasangu aliyeitwa Merere. Ukisoma karatasi za Wajerumani za miaka ya 1890, unamkuta Merere. Ukifika zama za Waingereza, bado Merere yupo! Mtu asiyejua anaweza kusema, "Huyu mzee alikula nini akaishi hivyo?"

Kumbe Merere ni jina lililorithiwa pamoja na kiti. Aliyekalia kiti aliitwa Merere, na ndiyo maana wanahistoria wanawahesabu Merere wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila mmoja alikuwa na jina lake mwenyewe pembeni. Ukitaka kujua umezao wako ni wa Merere yupi, mwaka ndio utakaokuokoa, jina halitakusaidia.

Na kama hiyo haitoshi, kuna Utengule mbili. Wahehe waliwafukuza Wasangu kutoka Utengule yao ya bondeni, wakakimbilia Usafwa na kujenga makao mengine karibu na ulipo mji wa Mbeya sasa. Nayo wakayaita Utengule. Baadaye, katika miaka ya 1890, Wajerumani wakawarudisha Usangu. Kwa hiyo karatasi ikisema "alizaliwa Utengule", usikimbilie kukata tiketi ya basi. Uliza kwanza: Utengule ya Usangu au Utengule ya Usongwe? Kati yake kuna safari.

Iringa nayo ni hivyo hivyo. Jina linatokana na lilinga, yaani ngome, na ngome yenyewe ilikuwa Kalenga, makao ya Mkwawa. Wajerumani walipojenga mji wao mpya juu ya kilima ng'ambo ya pili, jina la Iringa likahamia huko. Karatasi ya mwaka 1892 ikisema Iringa, inasema Kalenga. Ya mwaka 1912 ikisema Iringa, ni huku kwenye soko na benki.

MKWAWA YUPI?

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Jina kamili la shujaa wetu ni Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga. Ndiye aliyewapiga Wajerumani wa Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akaipoteza Kalenga mwishoni mwa Oktoba 1894, na akajipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 asikamatwe. Huyo ndiye mmoja.

Lakini jina lake likawa la ukoo. Mwanawe Sapi ni Mkwawa. Mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, naye ni Mkwawa, yule aliyekuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi, akaanza mwaka 1962 na kustaafu mwaka 1994, na akafariki mwaka 1999. Alimwacha Abdu. Abdu alipofariki mwaka 2015, kiti kilikwenda kwa mwanawe, naye anaitwa nani? Adam! Babu karudishwa. Miaka 100 ijayo mtafiti mvivu atasoma "Chifu Adam Mkwawa" mara mbili na kudhani ni mtu mmoja.

Halafu kuna tahajia. Wajerumani waliandika Mkwawa kwa namna zao, na namna mojawapo ni Quawa. Naam, kwa Q! Ukipekua kitabu chao kwenye herufi M ukakosa, usiseme hayumo. Tukuyu usiitafute kwa T, waliiita Neu-Langenburg. Na W ya Mjerumani husomwa kama V, J yake ni Y yetu. Babu yako anaweza kuwa amelala kwenye karatasi akiwa na jina ambalo hata mama yake asingelitambua.

Kichwa cha Mkwawa chenyewe ni fundisho. Kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, ulitaka kirudishwe ndani ya miezi sita. Wapi! Mpaka mwaka 1953 Gavana Twining alipokwenda jumba la makumbusho la Bremen. Akakuta mafuvu kama 2,000, na 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hakuna hata moja lililoandikwa Mkwawa. Walifanyaje? Walitumia vipimo vya vichwa vya ndugu zake waliokuwa hai Iringa, wakachagua yale yaliyokaribia, na mojawapo lilikuwa na tundu la risasi. Mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga, na mpaka leo liko pale kwenye makumbusho.

Unaona mambo hayo? Hata kwa mtu mkubwa kama yule ilibidi kuunganisha alama kadhaa: mahali lilikotoka, vipimo vya ndugu, tundu la risasi. Sembuse babu yako mimi na wewe, ambaye hakuwahi kuandikwa kwenye mkataba wowote.

KARATASI ZIKO WAPI?

Twende kwenye kazi sasa. Wengi wanadhani serikali ina kitabu kimoja kikubwa chenye majina ya babu zetu wote. Hakipo. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakulazimika kuandikisha kizazi. Sensa zilifanyika, mathalani ya 1948 na ya 1957, ila zilitupa hesabu ya vichwa, hazikutuachia orodha ya majina kama zile za Ayalandi. Hivyo unaokota huku na kule.

Kwanza ni kanisani. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Wamisionari wa Berlin nao waliingia Unyakyusa mwaka huo huo, kisha wakapanda mpaka Ubena, wakajenga Kidugala mwaka 1898. Wakatoliki wakawa Tosamaganga, kwanza Wabenediktini wa Kijerumani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Wakonsolata wa Kiitaliano. Kila misheni ilikuwa na kitabu cha ubatizo. Kwa Wakatoliki, jina huandikwa kwa Kilatini: Yohana ni Joannes, Yosefu ni Josephus. Utakuta jina la baba, la mama, la msimamizi wa ubatizo, na pembeni padre ameongeza baadaye alimwoa nani na lini. Pembeni hapo pana mali kuliko katikati, nakwambia.

Jueni pia vita iliacha pengo. Waingereza walipoingia mwaka 1916 wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa, wakarejea katikati ya miaka ya 1920. Kule Unyakyusa Waskoti wa kutoka Nyasa walishikilia kazi kwa muda. Mwandiko unabadilika, tahajia inabadilika, na wapo watoto ambao ubatizo wao ulichelewa. Babu "aliyezaliwa 1925" huenda alibatizwa tu mwaka huo huku akiwa na ndevu.

Pili ni Nyaraka za Taifa, pale Upanga, Dar es Salaam, ofisi iliyoanzishwa katika miaka ya 1960. Mafaili ya Wajerumani yaliyomo humo yaliingizwa na UNESCO mwaka 1997 kwenye orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Humo pia mna Vitabu vya Wilaya vya Waingereza, ambamo mabwana DC waliandika koo za machifu. Visome, ila kwa jicho moja la shaka. Kuanzia mwaka 1926 Waingereza walitawala kupitia machifu, na aliyemsimulia DC ukoo wake mara nyingi alikuwa anatafuta kiti. Mtu anayetafuta kiti anaweza kumsahau kaka yake mkubwa!

Tatu ni kodi na kazi. Kodi ya kibanda ilianza zama za Mjerumani mwaka 1898, Mwingereza naye akaendelea. Stakabadhi za kodi wazee walizitunza kuliko hela zenyewe, maana bila stakabadhi unakamatwa. Zimo kwenye makasha, zimekunjwa ndani ya Biblia, zimechomekwa darini. Halafu kuna wale waliokwenda migodi ya Afrika Kusini kwa Wenela, na manamba waliokwenda mkonge Tanga na Morogoro au chai Mufindi. Neno manamba latokana na namba. Mtu alipewa namba badala ya jina, na ilikuwa dharau kubwa. Lakini leo, ukipata kipande cha zamani, namba ile ile ndiyo inayomtenga babu yako na mwenzake wa jina moja. Hiyo ndiyo ile alama yetu niliyowaahidi.

Na angalieni mipaka. Njombe ilikuwa ndani ya Iringa mpaka mwaka 2012. Songwe ilikuwa ndani ya Mbeya mpaka 2016. Kyela ilikuwa Rungwe, Makete ilikuwa Njombe. Karatasi hazihami pamoja na mipaka. Babu wa Makete unaweza kumkuta kwenye faili la Njombe lililofungwa kwa jina la Jimbo la Nyanda za Juu Kusini.

MASWALI MATANO YA KUMTENGA BABU

Ukipata jina usishangilie bado. Lipitishe kwenye maswali haya.

Moja, wapi? Usiseme Rungwe, sema kijiji, kitongoji, mto, mlima. Muulize mzee, "Alizikwa wapi?" Ile Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha familia nyingi, makaburi yakabaki kwenye mahame. Ukiyajua mahame umekijua kijiji cha kweli.

Mbili, lini? Kama hakuna mwaka, tafuta tukio. Alikuwa kijana wakati wa Mkwawa? Alilipa kodi kabla Mwingereza hajaja? Alioa kabla au baada ya vita ya Hitler?

Tatu, mama yake nani? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Baba wawili wa jina moja wapo tele. Baba wa jina moja na mama wa jina moja, katika kijiji kimoja na mwaka mmoja, ni nadra. Kwenye nyumba ya wake watatu, mama ndiye anayekwambia ni tumbo lipi. Tatizo letu tunawakariri wanaume kumi na kumsahau bibi.

Nne, walikaa na nani? Lakini kwa Wanyakyusa kuwa makini. Zamani vijana wa rika moja walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe. Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti huko miaka ya 1930, waliandika sana juu ya vijiji hivyo vya rika. Kwa hiyo watu waliokaa kijiji kimoja walikuwa marafiki wa rika, si lazima ndugu. Mwenye jina lenu jirani na babu yenu anaweza kuwa mgeni kabisa.

Tano, aliitwa nani kwa utani? Mrefu, Fundi, wa Wenela, mwenye jicho moja. Usicheke. Hilo ndilo jina ambalo kijiji kilimpa ili asichanganywe na mwingine.

Majibu matatu kati ya matano yakikubaliana, hapo unaweza kumwita babu. Jina tupu likiwa peke yake, muite "mzee fulani" na endelea kutafuta.

NA WASIO NA JINA LENU JE?

Jambo la mwisho, na hili ndilo linalouma. Jina likifanana halithibitishi undugu, lakini jina likitofautiana nalo halithibitishi ugeni. Shule na ofisi zilipoanza kudai jina la mwisho, kila mtu alijibu kivyake. Kaka mkubwa alitaja jina la baba, mdogo wake akataja la ukoo, wa tatu akiwa kazini Tanga akaandikwa na karani alivyosikia. Tumbo moja, majina matatu. Wajukuu wao leo wanakutana daladala moja pale Mwanjelwa na hawasalimiani.

Ndiyo maana ile posa ya mwanzo haiwezi kukatwa kwa jina, kwa kukubali wala kwa kukataa. Wazee wakae, waulizane: babu yenu alizikwa wapi, mama yake alitoka kwa nani, walihama mwaka gani. Makatazo yanatofautiana kabila kwa kabila, na hilo ni la wazee wenyewe. Ila wasiamue kabla ya kujua. Mshenga asubiri wiki mbili, kuliko vijana wawili kulia miaka ishirini. Na la shamba vile vile: anayeapa kwa jina la babu aulizwe mama wa babu, mpaka, mti na kaburi. Mwenye babu wa kweli atajibu.

Kwa watoto wetu mambo ni mepesi kidogo. Mwaka 2013 usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano kwa kutumia simu ulianzia mkoani Mbeya, na vyeti vikawa vinatolewa karibu na nyumbani. Kaandikisheni. Na huyo mtoto mnayemrudishia jina la babu, mrudishieni tu, ni vizuri. Ila nunueni daftari la shilingi chache. Andikeni jina lake, mama yake, bibi zake wote wawili na vijiji vyao, siku aliyozaliwa, na alipewa jina la nani. Dakika kumi zinatosha.

Jumamosi hii, ewe uliye karibu na mzee, usimpelekee sukari na sabuni tu. Mpelekee na kalamu. Anza na bibi, maana yeye anakumbuka akina mama. Ukimkuta amelala mwache apumzike, lakini usiondoke mpaka aamke.

Haya, tukutane wiki ijayo, tutaongea habari nyepesi. Mbaki salama, enyi akina Sanga wote!